Mahali Jino Lilipopita

Shimo la tano nalo lilikuwa tupu.

Inspekta Muthoki Kilonzo alichutama ukingoni, akapapasa chini kwa mkono mzima, akaambulia udongo mweusi kwenye kucha basi. Nyuma yake watu wa mtaa wa Mowlem walikuwa wameujaza uwanja, maana Jumamosi asubuhi hakuna burudani inayowashinda polisi wanaochimba na kukosa.

"Madam, si tulikuambia?" Sylvance Ooko alipaza sauti ili hata walio mbali wasikie. Alikuwa mwanamume mnene wa kofia nyeupe, mwenye fleti ndefu kuliko zote kando ya uwanja, na domo refu kuliko fleti zenyewe. "Hakuna bomba hapa! Mzee alipitisha trekta, akachora mstari, akaenda kuuza bomba. Sasa mnatafuta nini, almasi?"

Kicheko kikazagaa. Muthoki hakucheka. Alitazama saa yake: saa tano na robo.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na hilo ndilo lililomkera. Machi mwaka jana kikundi cha akina mama wa kanisa kilimwita Mzee Odera, dereva mstaafu wa trekta za kaunsili ya jiji, akilazie bomba kutoka kisima cha kanisa hadi kliniki ya uzazi iliyo ng'ambo ya uwanja. Mzee akaja na trekta yake kuukuu, nyekundu, yenye umri mkubwa kuliko nyumba nyingi za Eastlands, na nyuma yake jino moja la chuma. Hakuchimba mtaro. Alilizamisha lile jino futi mbili, akavuta, na bomba likafuata chini kwa chini. Kufikia saa ya chai kazi ilikuwa imekwisha. Bomba likakaa miezi saba likingoja umeme wa pampu. Oktoba pampu ikawashwa, vigelegele vikapigwa, mfereji wa kliniki ukafunguliwa, ukatoa upepo. Mpaka leo, Januari, unatoa upepo.

Jana jioni Mzee Odera alikamatwa kwa wizi wa bomba. Ana miaka sabini na miwili, kabla ya jana hakuwahi kulala seli hata usiku mmoja, na sasa mtaa mzima unamwita mwizi. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Muthoki hadi saa kumi jioni. Ikipita hapo, karatasi ya mashtaka inatiwa saini, na Jumatatu mzee anasimama kortini.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha pa kuchimba," alinong'ona Sajini Luseno, mpelelezi mwenzake, mtu wa miaka mingi kazini na magoti yasiyopenda kuinama. Alifungua taarifa ya mzee akasoma. "'Nilielekeza trekta kwenye tangi la bluu juu ya fleti za Ooko. Nikaenda hatua mia na ishirini mpaka nikaupita mwamba, ndipo nikageukia kliniki.' Mwamba ule pale katikati ya uwanja. Tangi lile pale. Kamba tumeivuta hadi pale. Mashimo matano. Madam, mzee amejifunga mwenyewe."

Tangi lilikuwa pale kweli, juu ya ghorofa ya sita, kona ya kulia, likimeta juani. Chini yake mwenye nyumba alikuwa amepaka maandishi makubwa ukutani: VYUMBA VIPO. MAJI MASAA 24.

"Bwana Ooko," Muthoki aliuliza, "siku trekta ilipopita ulikuwepo?"

"Mimi? Siku hiyo nilikuwa ocha, kijijini kwetu, mazishini. Nilirudi nikaambiwa tu."

Muthoki akaandika. Kisha akayaacha mashimo na watu wake, akaenda hadi mnara wa tangi la kanisa, ambalo pampu hulijaza kutoka kisimani, mahali bomba lilipoanzia. Hapo mwanzo hapakuwa na cha kufukua, kwa sababu mafundi wa mnara walikuwa wamemwaga zege juu. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Asenath, alikuwa amesimama kando ya zege lile mikono kifuani. Ndiye aliyeandikisha malalamiko.

"Mama, wewe ulikuwepo?"

"Kuwepo? Mimi ndiye niliyeshika bomba! Lilikuwa limeviringwa, tukalifungua sisi akina mama sita, tukatembea nyuma ya trekta tukililisha kwenye ule mrija ulio mgongoni mwa jino."

"Basi lilipita wapi?"

Mama Asenath alinyosha kidole, akakirudisha, akakinyosha kwingine. "Hapa. Ama pale. Haki ya Mungu, nilikuwa natazama bomba lisijikunje. Nani alikuwa na nafasi ya kutazama ardhi?"

Wanaume watatu waliojitolea kusaidia walionyesha mahali patatu, na kila mmoja akaapa. Sajini Luseno akapanguza jasho. Alama ya jino yenyewe haikuwepo tena. Uwanja wote ulikuwa umefunikwa murram, udongo mwekundu wa changarawe, iliyosawazishwa vizuri.

"Nani alimwaga hii murram?"

"Bwana Ooko," alisema Mama Asenath. "Agosti. Zawadi kwa vijana wacheze mpira bila matope."

Muthoki akaandika neno zawadi, akalipigia mstari chini.

"Na maji ya tangi hili yanaenda wapi?"

"Tunajaza asubuhi, mchana yamebaki ya magoti. Ooko anasema yanamwagika hapa chini, kwamba mzee alizika kipande tu cha kutufumba macho. Lakini alitushauri tusifunge valvu. Ati upepo utaisha wenyewe."

"Alishauri yeye?"

"Yeye. Ni mtu wa kusaidia sana, siwezi kumkosea."

Muthoki alipiga goti. Murram haikufika kwenye mnara. Hapa udongo mweusi ulikuwa wazi, na jua la Januari lilikuwa limeupasua nyufa za kutosha kuingia kiganja. Akaomba rungu la sajini, akalitumbukiza kwenye ufa mmoja. Likazama hadi kwenye mshiko.

"Sajini, udongo huu ukinywa maji unafanyaje?"

"Unavimba. Unanata mpaka unakuvua kiatu."

"Na nyufa?"

"Zinafunga zote."

"Tangi zima kila siku, miezi mitatu, na ufa huu umemeza rungu lako." Muthoki alisimama akajipangusa magoti. "Maji hayamwagiki hapa. Yanasafiri. Na hayawezi kusafiri mbali namna hiyo bila bomba."

Luseno alilitazama rungu lake, akautazama uwanja, akapiga mluzi mdogo. "Basi bomba lipo."

"Lipo. Sisi ndio hatupo linapopita. Mama Asenath, funga hiyo valvu sasa hivi, tangi libaki na maji hayo hayo kidogo. Na usimwambie mtu, hata mtu wa kusaidia sana."

*

Kituoni, trekta ya Mzee Odera ilikuwa imeegeshwa kati ya magari yaliyopondeka, imefungwa kadi ya kielelezo kwenye usukani. Muthoki aliizunguka. Lile jino nyuma lilikuwa na unene wa kidole gumba na urefu wa kufika kiunoni, limeng'arishwa na udongo mpaka linaonyesha uso. Mgongoni mwake mzee alikuwa amechomelea mrija wa chuma, ukienda chini na kupinda kuelekea nyuma. Bomba la plastiki linaingilia juu, linatokea chini, linabaki huko.

Mzee Odera aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo japo hakuwa na mshipi wala kamba za viatu.

"Kabla hujaniuliza, madam. Mkebe wangu."

"Mkebe gani?"

"Wa kufunika bomba la moshi. Konstebo mmoja aliutoa akautupa. Mawingu ya Januari hayaaminiki. Maji yakiingia mle, injini imekwisha, na vyuma vyake siku hizi havipatikani."

Muthoki alitoka uani. Alirudi baada ya dakika tano na vumbi kwenye kiwiko. "Ulikuwa chini ya gari la tatu. Nimeufunika."

"Asante, nyara," mzee akasema, na tangu hapo hakumwita madam tena. Mluo akikuita nyara, binti yangu, ndani ya kituo cha polisi, ujue amekuamini.

"Mzee, ulikwendaje moja kwa moja bila kamba wala vigingi?"

"Vigingi ni vya watu wa jembe. Kaunsili ilitufundisha hivi: chagua kitu kirefu, cha mbali. Kaa sawasawa kitini. Kifuniko cha rejeta kiko mbele yako katikati ya pua ya trekta. Kiweke chini ya kile kitu cha mbali viwe kimoja, halafu endesha. Usigeuke nyuma, hata mtu akikuita. Anayegeuka nyuma anapinda, na jino likipinda ardhini linavunjika."

"Kwa hiyo hukuona lilipopita."

"Kuona kazi ya nini? Nilikuwa na tangi. Nikifumba macho naliona hata sasa. Lilikaa juu ya ngazi za ile nyumba, na chini yake vile vidirisha vya ngazi vinne, kimoja juu ya kingine."

Kalamu ya Muthoki ilisimama.

"Vingapi?"

"Vinne. Nilikuwa navyo usoni robo saa nzima. Siwezi kukosea."

"Mzee, tangi la bluu la Ooko liko kona ya kulia, juu ya ghorofa ya sita."

Mzee Odera alikunja uso. "Sita? Nyara, mimi sikai Mowlem. Nilikuja siku ile moja. Nyumba niliyoiona ilikuwa na ghorofa nne na tangi lilikuwa katikati."

Muthoki alikuwa tayari ameshika mlango. Alijisikia mjinga na mwenye furaha kwa wakati mmoja. Nairobi hii, ambapo mwenye nyumba akipata mifuko kumi ya saruji anaongeza ghorofa, nao wamechukua maneno ya Machi wakayapima kwa tangi la Januari! Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

*

Jacklyne alikuwa na kibanda cha sukuma wiki pale pale kando ya uwanja, na simu iliyopasuka kioo ambayo haikusahau kitu.

"Sasa madam. Ile siku ya trekta? Si niliirekodi yote, nikaweka status. Watu walikuwa wanashangaa sana. Ngoja." Kidole chake kikakimbia juu ya kioo. "Ona huyo mzee. Amekaa pale kama askofu."

Kwenye vidio trekta nyekundu ilikuwa ikienda polepole, moshi juu, akina mama nyuma yake wamebeba bomba jeusi wakiimba. Mbele yao fleti za Ooko: ghorofa nne, na tangi la bluu katikati, juu kabisa ya vidirisha vya ngazi. Muthoki alihesabu vidirisha mara mbili. Vinne.

"Aliongeza ghorofa lini?"

"Baada ya Pasaka. Tangi likashushwa, likapandishwa ile kona. Mbona?"

Muthoki alikisogelea kioo. Vidio ilikuwa imefika mahali trekta iliposimama, karibu na mwamba. Watu walikuwa wamezunguka shimo dogo ambamo jino lilikuwa likiinuliwa ili trekta ielekezwe upya. Mmoja wao alikuwa mnene, ameshika chupa ya soda, ameinama kabisa kuchungulia shimoni. Kofia yake ilikuwa nyeupe.

"Huyu ni nani?"

"Huyo? Si ni landlodi Ooko!" Jacklyne alicheka. "Siku hiyo alikunywa soda tatu."

"Ajabu," alisema Muthoki. "Aliniambia alikuwa mazishini. Jacklyne, hiyo simu usiizime. Na ile bluu ya kufulia unauza?"

"Pakiti ngapi?"

"Zote."

Saa nane na nusu walikuwa uwanjani tena. Muthoki aliazima nondo mbili kwa mafundi wa jirani. Moja akaisimika ukingoni mwa zege la mnara, nyingine akampa Luseno, akampeleka hatua ishirini mbele. Safari hii hakutazama tangi. Alitafuta mstari wa vidirisha vya ngazi. Vilikuwa sita sasa, lakini vile vinne vya chini havikuwa vimesogea. Ngazi hazihamishwi.

"Kushoto, Sajini. Kushoto tena. Rudi kidogo. Hapo!"

Nondo mbili na vidirisha vikawa kitu kimoja. Walitembea wakihesabu kwa sauti, na umati ukaanza kuhesabu nao, watoto na wazee, mpaka ilipotajwa mia na ishirini. Walikuwa wamesimama hatua kumi kutoka kamba ya asubuhi.

"Chimbeni."

Sululu ilipiga murram, ikapita. Chini yake udongo ulikuwa laini, tofauti na mashimo yote matano, udongo ambao ulikuwa umeshafukuliwa na kurudishwa. Kwenye futi mbili koleo likagonga kitu kilichodunda. Luseno, pamoja na magoti yake, aliruka ndani ya shimo na kupangusa kwa viganja.

Bomba jeusi lilitokeza. Lilikuja kutoka upande wa kanisa, likaishia kwenye kiungo kipya, na kutoka kwenye kiungo bomba jingine likachepuka kuelekea ukuta wa fleti za Ooko. Upande wa kliniki lilikuwa limekatwa, kipande kizima kikang'olewa.

"Eeeh!" Uwanja mzima ulitoa sauti moja. Mama Asenath alishika kichwa.

Ooko alipasua njia kati ya watu. Lazima asifiwe kwa jambo moja, alifikiri haraka. "Hilo ni bomba langu! Nililaza mwenyewe kwa mafundi wangu, linatoka laini kuu ya mjini. Mzee hahusiki na kanisa halihusiki."

"Lako?" Muthoki aliuliza kwa upole.

"Langu."

"Na maji yanayopita humo?"

"Yangu! Kila tone!"

"Hayatoki kwa tangi la kanisa?"

"Hata kidogo. Andika hivyo."

"Sajini, andika hivyo. Bwana Ooko, weka sahihi."

Ooko akatia sahihi kwa madaha, mbele ya mtaa mzima. Muthoki akageuka kuelekea mnara, akapunga leso yake. Kule juu mwanamke mmoja wa kikundi alikuwa akingoja na beseni ambalo pakiti zote za Jacklyne zilikuwa zimekorogewa humo. Akalimimina tangini, kwenye yale maji ya magoti. Mwenzake chini akafungua valvu.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ua wa fleti za Ooko hujaa mabeseni. Wapangaji wote hufulia kwenye mifereji ya chini. Ooko alitazama mnara, akatazama ukuta wake, na ile kofia nyeupe ikaanza kuloa pembeni.

Kisha kelele ikatoka nyuma ya ukuta.

"Woi! Mashati ya shule!"

"Mbona maji ni ya bluu?"

"Landlodi! Landloooodi! Umetia nini kwa maji?"

Mwanamke mmoja alitokea langoni ameinua juu shuka iliyokuwa nyeupe. Umati uliangua kicheko ambacho nadhani walikisikia mpaka mtaa wa Baba Dogo. Watu walishikana, walijipiga mapaja, Jacklyne alikuwa akirekodi huku machozi yakimtoka. Na Muthoki Kilonzo, ambaye kazini hujulikana kwa uso wa mawe, alicheka mpaka akamwegemea sajini.

"Kila tone, Bwana Ooko," alisema alipopata pumzi. "Mikono mbele, tafadhali."

*

Mkuu wa kituo alikuwa ameshatoa kifuniko cha kalamu wakati Muthoki alipoingia ofisini. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Aliweka mezani taarifa yenye sahihi ya Ooko, simu ya Jacklyne, na kitambaa kilichogeuka bluu kwenye ua wa Ooko. Mkuu alisoma, akatazama vidio, akatazama kitambaa. Akafunika kalamu.

Mzee Odera alirudishiwa mshipi na kamba za viatu. Alizifunga polepole, moja baada ya nyingine. Kisha akatoka uani, akatoa mkebe, akawasha trekta. Iliwaka mara ya kwanza. Alipita langoni kadi ya kielelezo ikipepea bado kwenye usukani, na askari wa zamu, bila kuambiwa na mtu, akapiga saluti.

Mowlem walimpokea kwa nyimbo. Waliomwita mwizi asubuhi ndio waliosukumana kumshika mkono, na aliwapa mkono wote. Lakini Mama Asenath alipomfikia, mzee alizima injini.

"Mzee, nimekukosea. Mimi ndiye niliyekupeleka polisi."

"Najua."

"Nisamehe."

Mzee Odera alimtazama kutoka kitini. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na maumivu tu. "Mama, ulitembea nyuma yangu bomba likiwa mkononi mwako. Uliliona likiingia ardhini futi kwa futi. Ulidhani lilienda wapi?"

Mama Asenath alilia hapo hapo, mbele ya kikundi chake, wala hakujifunika uso. Mzee akaonyesha kwa kidevu kwenye ukuta wa kanisa, ambapo masalio ya lile bomba yalikuwa yameviringwa.

"Ooko amekata kipande cha kwenda kliniki. Hatua thelathini hivi. Jua bado lipo. Utashika ama nitafute mwingine?"

"Nitashika," alisema Mama Asenath akijifuta. "Nitashika mimi."

Walichimba mashimo mawili, la kuanzia na la kumalizia. Jino likazamishwa. Mama Asenath akaingiza ncha ya bomba kwenye mrija, trekta ikanguruma, na ardhi ikafunguka nyufa nyembamba na kufunga tena bila kutupa nje hata koleo moja la udongo. Muthoki alitembea kando, viatu mkononi kwa sababu kisigino kimoja kilikuwa kimevunjika mapema siku hiyo.

"Mama!" mzee alipaza sauti bila kugeuka. "Unatazama wapi?"

"Ardhi, Mzee! Leo natazama ardhi!"

Saa kumi na mbili kasorobo, viungo vikiwa vimekazwa, muuguzi wa kliniki, Sista Norah, alifungua mfereji ambao kwa miezi mitatu alikuwa ameufungua kila asubuhi na kuufunga. Ulikohoa upepo. Ukakohoa tena. Muthoki aligundua kwamba ameshika mkono wa Sajini Luseno na hakuuachia.

Kisha maji yakaja kwa nguvu, ya bluu kwanza, halafu meupe, yakajaza ndoo na kumwagika. Sista Norah alipiga ukemi, wagonjwa wakachungulia madirishani. Mzee Odera alisogea mbele, akakinga viganja, akanawa udongo wa shimoni na uchafu wa seli. Alinawa hadi kwenye viwiko, bila haraka, mtaa wote ukimngoja amalize.